Paa la Mkwe Wangu Kule Edmonton

Nilikwenda London kwa sababu binti yangu Nekesa alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na mama yake hayuko tena duniani wa kwenda kumkanda. Nikasema basi nitakwenda mimi. Sikupita darasa la tatu, lakini kinu cha kusaga mahindi pale Kimilili nilikinunua kwa jasho langu, na tiketi ya ndege vilevile. Sikumchangisha mtu.

Jambo moja tu lilinisumbua. Kwetu, baba halali chini ya paa la mume wa binti yake. Atakula, atacheka, lakini giza likiingia huondoka. Nilimwambia Nekesa kwa simu anitafutie pa kulala. Akasema, "Wewe njoo kwanza, Papa." Mtu akikujibu hivyo, ujue hajatafuta.

Uwanja wa ndege nilimkuta ananingoja, mtoto kamfunga kifuani.

"Umekonda," nikamwambia. "Huyo mume hakulishi?"

"Papa! Hata salamu bado?"

Tukapanda treni inayopita chini ya ardhi. Watu wamekaa magoti yanagusana na hakuna anayemjulia mwenzake hali. Nikawasalimu wote kwa Kiingereza changu. Bibi mmoja ndiye aliyeitika, na mpaka tunashuka tulikuwa marafiki.

Edmonton, mtaa wao huko London, tulifika alasiri. Nyumba za huko zimeungana mtaa mzima, ukuta mmoja familia mbili. Ukikohoa, jirani anaweza kukupa pole. Mkwe wangu Wafula alikuwa amesonga ugali mwenyewe na kupika kuku mzima. Alikuwa mzuri, sina la kuficha. Nilipomaliza kunawa mikono, nikainua mfuko wangu.

"Nimeshiba. Sasa nionyesheni pa kulala."

"Chumba ni kile pale, Papa," Nekesa akasema. "Nimekitandika tangu juma lililopita."

"Na paa ni la nani?"

Wafula akainamisha macho, akaondoa vyombo.

Saa mbili za jioni jua lilikuwa bado lipo. Wakati wa joto, jua la huko halina haraka ya kwenda nyumbani. Nekesa akamweka mtoto kwenye kigari chake. "Twende tutembee, Papa. Hasira yako ipate hewa."

"Sina hasira. Nina mila."

Tukapanda basi jekundu la ghorofa kwenda Tottenham. Yeye alibaki chini na kigari, mimi nikapanda juu, nikakaa mbele kabisa. Niliuona mji kama mtoto aliyebebwa mabegani: vinyozi, maduka ya mitumba, kanisa la Waafrika ndani ya jengo lililokuwa ghala, waumini wametoka nje na vitambaa vya kichwa vya rangi zote. Nilisahau kwa muda kwamba sina pa kulala.

Tuliposhuka tuliingia duka linalouza unga wa mahindi na dagaa. Mwenye duka alikuwa mama wa Mombasa. Nikamuuliza kama kuna gesti karibu.

"Ya nini, mzee, na binti unaye?"

Nikamweleza. Akacheka. "Huku mila watu huziacha uwanja wa ndege."

"Mimi mizigo yangu yote ilifika," nikamjibu.

Tukacheka wawili. Nekesa hakucheka. Nje ya duka akasimama.

"Papa, nilipokuwa najifungua nilimwita Mama. Nikaita, nikaita, halafu nikakumbuka. Wafula kapangiwa zamu za usiku mwezi huu wote. Ukienda gesti, mimi na huyu mtoto tutabaki na nani?"

Nilichukua kigari nikakisukuma mwenyewe mpaka kituo cha basi.

Tuliporudi, Wafula alikuwa mlangoni amevaa buti na kizibao kinachong'aa, chakula chake mkononi.

"Naondoka, Baba. Niliomba zamu za usiku siku ile ulipokata tiketi. Mpaka utakaporudi nyumbani, giza halitanikuta humu ndani. Nyumba inabaki ya Nekesa."

Nekesa akamkazia macho. "Uliniambia bosi ndiye aliyekulazimisha!"

"Kwa nini hukuniambia mezani?" nikauliza.

"Mkwe hamwelezi mkwe wake mambo ya kulala."

Wazee wa kwetu wanaweza kubishana kama hilo latosha. Wabishane. Mimi niliuweka mfuko chini, nikamchukua mjukuu wangu.

Siku zilizofuata zilienda hivyo. Asubuhi Wafula aliingia macho mekundu, na mimi nikatoka na mtoto ili alale. Siku ya kurudi alinisindikiza hadi uwanja wa ndege, akasimama mbali kidogo, kama inavyostahili.

Nilidhani mila ni mzigo wa mgeni. Kumbe mwenyeji anaweza kuubeba na asikuambie kwamba ni mzito. Kijana huyo alinifunza, na sioni aibu kusema.

Mkwe naye halali bomani kwa baba mkwe. Basi nimejenga chumba ng'ambo ya barabara, kina kitanda kipana na taa za stima. Wanakuja Desemba. Nimempigia Nekesa amwambie mumewe asihangaike na hoteli za mjini.