Fundi wa Mapazia na Sindano Ndefu

Siku ya kwanza nilimpelekea fundi kitambaa cha mapazia ya mteja wangu, nikamwambia akate upesi, vipimo ninavyo kichwani. Alikikunja, akanirudishia. "Tajiri, mimi sikati nisichopima." Nikarudi kupima madirisha, na tangu hapo sikumpa kazi fundi mwingine.

Mimba ya fundi wangu huyo ilipofika wiki ya thelathini na sita, sukari ilimpanda. Mumewe alikuwa safarini, nikampeleka hospitali mimi. Daktari akataka kumzalisha mapema.

"Mapafu ya mtoto yamekomaa?" fundi akauliza.

Daktari akasema hana hakika, ila wanaweza kuingiza sindano ndefu tumboni, wavute maji kidogo yanayomzunguka mtoto, wayapime.

"Basi pima kwanza, dokta."

Sindano ilipoingia, yeye aliitazama. Mimi ndiye niliyegeukia ukuta.

"Tajiri, sindano yangu, jasho lako la nini?"

Majibu yakaja: mapafu bado. Wakamlaza siku tisa wakituliza sukari, ndipo mtoto akazaliwa, akilia hadi watu wa wodi ya jirani wakacheka.

Mimi nilipoteza oda ya hoteli nzima, maana sikupata wa kuishona. Yeye amepata binti anayejipumulia mwenyewe, nami najivunia mtoto huyo kama wangu.