Kiti cha Mama Mkwe

Mama yangu ana mdomo. Nasema hivi kwa heshima zote, maana mdomo huo ndio ulionilea. Mwenye duka akimrudishia mkate uliobonyea, atasikia. Dereva akimbana barabarani, atasikia yeye na abiria wake. Mimi mwenyewe, na watoto wangu hawa, bado naambiwa mbele za watu kwamba kitambaa nimekifunga kama mtu anayekimbia moto. Watoto wa mtaani wanamwita Bibi Mikate, na wakimwona anakuja huchomekea mashati haraka haraka.

Kazi yake ni kusambaza mikate kwa baiskeli. Asubuhi na mapema huichukua kutoka bekari ikiwa bado ya moto, huipanga kwenye kreti, kreti hulifunga kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu, kisha huyo. Anaanza na maduka ya barabara kuu, anapitia kantini ya hospitali, anamalizia nyumba za kilimani. Aliianza kazi hiyo baba alipofariki, sisi tukiwa wadogo, na ndugu wa baba walipomwambia kwamba mwanamke mtu mzima juu ya baiskeli ni aibu, aliwauliza aibu hiyo ingelisha watoto wangapi, akapanda, akaondoka. Hupanda ameinua kidevu. Mpaka leo nikimwona anakata kona na kreti lake nyuma, najisikia fahari.

Sasa mtu huyo huyo, mbele ya mume wangu huwa bubu. Mume wangu ni fundi baiskeli, karakana yake iko mbele ya nyumba yetu, na mama humpitia kila amalizapo mzunguko. Lakini mkwe ni mkwe. Shikamoo, marahaba, watoto wazima, namshukuru Mungu, basi. Siku moja mume wangu alijichanganya akamtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Mama aliinywa yote, akashukuru, akasema chai ya fundi haina mfano. Angekuwa ni mimi, kikombe kile ningekivaa kichwani.

Shida ilianza kiti chake cha zamani kilipochanika, akanunua kingine dukani, chembamba na kigumu. Haukupita muda nikaona akija kwangu anakaa upande upande, kwenye ukingo wa kochi. Nikamuuliza, akasema mgongo. Mimi si mtoto, mgongo naujua ulipo, na alipokuwa akipashika palikuwa chini ya mgongo. Nilimbana mpaka akasema. Kufika hospitali tu, mifupa ya kukalia inawaka moto, na ngozi ya mapajani imechubuka. Akifika kilimani, kila shimo la barabara analisikia mpaka kwenye meno. Ndiyo maana alikuwa anachelewa, na mwenye bekari alikwisha mwambia kwamba watu wa kilimani wanakwenda kazini bila mkate. Hali ikiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, kilima atapewa mtu wa pikipiki.

"Wakinichukulia kilima, na barabara kuu watanichukulia," alisema. "Halafu nitakaa nyumbani nihesabu nzi."

Nikamwambia fundi si yumo humu ndani, mwambie. Alinitazama kama niliyevua nguo sokoni.

"Nimwambie mkwe wangu makalio yananiuma? Kesho nimtazame kwa macho gani?"

Basi nikaenda mimi kwa mume wangu, na mimi nikazunguka mbuyu. Nilisema tu kiti cha mama hakimfai, mtengenezee kingine. Hakuuliza kwa nini, wala mimi sikumwambia. Akaelewa alivyoelewa, kwamba kigumu dawa yake ni laini. Alishinda karakana akikata sponji, tabaka juu ya tabaka, akaipeleka kwa mshonaji jirani ikavikwa mahameli nyekundu yenye vifungo. Kiti kilitoka kinene kama mto wa bwana harusi. Mama alikipapasa, akambariki mkwe wake, na watoto wake, na mikono yake, akapanda akaenda zake ameinua kidevu. Mume wangu alipiga mluzi siku nzima.

Siku chache baadaye nilikuwa natoka kununua sabuni nikamwona mama kwa mbali, karibu na ukuta wa shule. Alikuwa anatembea, baiskeli anaikokota, kreti tupu nyuma. Alipofika kwenye kona ya mtaa wetu akasimama, akajipangusa jasho, akapanda. Akapita mbele ya karakana anaendesha, akampungia mkwe wake mkono kama malkia. Nilisimama pale na sabuni yangu nisijue nicheke au nilie. Hasira ndiyo iliyowahi.

Nilimfuata kwake jioni. Hakukana. Kile kiti kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza, alisema, maana akikikalia anazama, halafu sponji inapanda katikati na kumgandamiza pasipopaswa kugandamizwa, na jasho lake ndilo linalochubua.

"Ni kama kukalia unga unaoumuka," alisema. "Lakini usithubutu kumwambia. Kijana wa watu amejitahidi."

Nilimkumbusha kwamba mwisho wa mwezi uko mlangoni. Akasema anaujua uliko. Akaniapisha nisiseme, nami nikaapa huku nimenuna, maana ukibishana na mama yangu unapoteza muda na sauti.

Kumbe mume wangu naye si kipofu, wala si kiziwi: kwamba mama yuko karibu kunyang'anywa kilima alikwisha sikia kwa wateja. Kesho yake wakati wa chakula aliniambia, pole pole, kwamba viatu vya mama vinalika upesi kuliko tairi zake. Na sponji ya kile kiti, aliyoitazama mama alipoingia ndani kunywa maji, ilikuwa bado imesimama kama siku ile ya kwanza. Mtu anayeendesha kila siku angekuwa ameilaza. Mimi nikatafuna. Nilikuwa nimeapa.

"Anatembea," alisema. "Anaumia, anatembea, na ananiambia asante."

Sijawahi kumwona amenyong'onyea hivyo. Hakula akamaliza.

Alichokifanya baadaye nilikijua kwa sababu nilimfuma. Pale karakana kuna stuli ya mbao ambayo mama hukaa akipumzika. Mume wangu alikata kipande cha katoni, ile nene yenye mistari ndani, akakiweka juu ya stuli, akafunika kwa kitambaa safi. Mama akaja, akakaa, akanywa maji, akauliza habari za watoto, akaenda. Mume wangu akafunua kitambaa. Kwenye katoni palikuwa na vibonyeo viwili, pale mifupa ilipoelemea. Alikuwa amekishika kipande kile mikono miwili, amekigeuzia ukutani wateja wasione, na alipogeuka akanikuta nimesimama mlangoni, masikio yalimwiva. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akaniapisha nisimwambie mama. Kwa hiyo sasa nilikuwa na viapo viwili tumboni, vya watu wawili wanaoonana kila siku.

Akapima umbali kati ya vile vibonyeo, akaulinganisha na kiti cha dukani, akaona kosa. Kile chembamba kilimwacha mama mifupa inaning'inia pembeni, na kile chake kinene kilimeza mifupa kikasukuma nyama. Akatengeneza cha tatu. Nyuma alikipanua kufuata kipimo, juu akakivika ngozi ngumu yenye sponji nyembamba tu, na katikati akakata mfereji ili pasigandamizwe kitu. Hakuweka mahameli wala vifungo. Kilikuwa kiti kibaya kwa sura, na mimi nilimwambia hivyo.

Alikifunga mama akiwa amesimama hapo hapo, akalishusha kidogo na bomba linaloshika kiti. Kisha, macho yake yako kwenye spana, akasema maneno ambayo najua aliyafanyia mazoezi bafuni, maana nilimsikia.

"Mama, kile nilikosea. Na hiki huenda nimekosea. Ukininyamazia sitajua, na kilima kitakwenda."

Mama alitazama barabarani. Nilidhani atambariki tena. Akasema "haya," akapanda, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata sikuwa na haja ya sabuni, lakini nilikwenda hadi ukuta wa shule. Nilijiambia nikimwona anatembea nitavunja viapo vyote viwili, Mungu atanisamehe. Mama alitokea anaendesha. Alipita pale alipokuwa akiikokota baiskeli siku ile bila hata kugeuza shingo, kreti tupu linagongagonga nyuma, na jua lilikuwa bado halijapanda. Watu wa kilimani walikuwa wamepata mkate wao kabla ya kutoka. Nilimkimbilia nyuma kwa kandambili kama mtoto.

Nilipofika nahema, alikuwa ameshafunga breki mbele ya karakana, mguu mmoja chini. Wateja walikuwepo, mwenye kuziba pancha na mwenye kungoja mnyororo. Mume wangu alinyanyuka anafuta mikono, akaamkia. Mama hakuitikia. Alimtazama usoni, sawasawa, mara ya kwanza tangu tuoane.

"Upande wa kushoto unanibana," alisema. "Na hii pua ya kiti umeinyanyua, inanichoma. Umenifungia kiti au umenipigia kabari?"

Wateja waliinamisha vichwa. Mimi nilitaka ardhi inimeze kwa niaba ya watu wote. Mume wangu alikwenda kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Shuka basi, mama, niishushe."

"Nashuka, nashuka. Na usishushe mno, nisije nikateleza nikaangukia kreti. Wewe nawe, mwanangu, kila kitu mpaka uambiwe?"

Alisimama juu yake akimwelekeza, huku, hapana, huku, kaza hapo, mpaka nati ya mwisho.