Pua ya Ng'ombe ya Mahari

Mama alikuwa na sufuria moja kubwa. Siku moja ilianguka toka ku baiskeli, njia ya Kilembwe, ikabonyea. Baba akaiinua kwa ndani na mpini wa jembe, polepole. Sura ilirudi, ila ilivuja mpaka Mama akafa. Mi sikusoma sana, miaka mbili tu, nayo nilikuwa nasinzia. Lakini kuinua chuma kilichobonyea nilijulia hapo, ndiyo nikawa fundi wa baiskeli hapa Baraka. Sasa magoti yamechoka, na macho.

Basi mwaka jana dokta wa mifugo alikuja kwangu kuomba kulabu. Mufugaji mumoja wa Bibokoboko alikuwa anashusha toka mulima ng'ombe ya mahari ya kijana wake, isiyo na pembe, na ingine ikaipiga teke ku pua. Mufupa ukaingia ndani. Ilipumua kama mutu anayekoroma. Bakwe, wazazi wa bibi-arusi, walikuwa wanaingojea kule Nundu. Muchinjaji wa hapa soko naye aliingojea ianguke.

"Muzee, usijisumbue, hii iko yangu," muchinjaji akamucheka mufugaji.

"Bado inasimama," mufugaji akajibu.

Nikakunja waya ya gurudumu, tukaichemsha. Dokta akaidunga dawa ya usingizi, akapasua ngozi, akatoboa kashimo kando ya mufupa, akaingiza kulabu, akavuta. Tkk! Pua ikainuka. Akafunga vipande na waya nyembamba, akashona. Mi nilishika kichwa cha ng'ombe. Ile mikono inaniuma mpaka leo.

Ikaamuka, ikapumua muzuri.

"Papa, kamba ku shingo tu," dokta akamuambia mufugaji. "Ku pua hapana, mwezi muzima."

Ikalala kwangu. Asubuhi dokta anakuja kuiangalia, tunaikuta ku barabara, mufugaji ameishaanza safari nayo, kamba ku pua. Pikipiki ilikuwa imeishitua, ikavuta, mufupa umerudi ndani.

"Papa! Nilikuambia nini?"

"Dokta, ng'ombe bila pembe inafungwa ku pua. Nikiifikisha na kamba ya shingo, bakwe watasema nimewaletea mbuzi."

Dokta akapapasa, akatikisa kichwa. "Vipande vimesagika. Siwezi tena."

Safari hii muchinjaji hakucheka. Mufugaji akafungua kamba, akaikunja, akaiweka begani. Tukamuita apatane bei na muchinjaji. Akatuachia ng'ombe, akashika njia ya mulima bila kugeuka. Hatujamuona tena.