Masizi Puani mwa Mama

Kuna mtu anachoma godoro nyuma ya ukuta wetu, na harufu ya sponji inayoungua imenifanya nifunge madirisha yote.

Nilikuwa mtoto, katika mtaa wa Kinama, wakati wa vita. Mchana mmoja nyumba yetu ilichomwa, na mama akarudi ndani kumtoa mdogo wangu aliyekuwa amelala. Alitoka naye amemfunika kwa kitenge kilicholowa. Mtoto alilia kwa nguvu, hakuchubuka popote. Mama akaketi chini, akacheka. Majirani wakamletea maziwa, wakisema yanaosha moshi.

Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu, muuguzi, alikisogeza kikombe kando. Alimwinua mama kidevu, akamchungulia puani. Nami nikachungulia. Mlikuwa na masizi, na vinyweleo vimeungua.

"Sema jina yako," alimwambia.

Mama alilitaja kwa sauti nzito ya kukwaruza.

"Mi niko muzima," akaongeza. "Wacha nilale kidogo."

"Apana, dada. Koo inavimba. Ukilala hapa, pumzi itafunga. Twende hospitali sasa hivi."

"Na risasi kwenye barabara?"

"Risasi inaweza kukukosa. Hii haitakukosa."

Walimkalisha wima juu ya baiskeli, wakamsukuma. Hospitalini walimtia mpira kooni, akapumulia humo siku kadhaa bila kusema neno.

Alirudi na sauti ile ile ya kukwaruza. Mdogo wangu hajui kwamba mama aliwahi kuwa na nyingine.