Ukingo Uliokatwa

"Hivi dada, shemeji anasoma nini kwenye hiyo mistari ya punda milia? Au anapiga ramli?" Jirani yangu aliniuliza hivyo siku moja, alipoona picha za kazi za mume wangu zimebandikwa ukutani.

Tulicheka, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Mume wangu ni mpimaji katika karakana ya lenzi. Mwanga mmoja hugawanywa sehemu mbili, moja ikapitishwa kwenye lenzi. Ukikutana tena hujichora mistari, myeusi na myeupe. Lenzi ikiwa na kasoro, mistari hupinda au hukatika. Kompyuta hupitisha kiwimbi kidogo cha kupimia juu ya picha ya mistari hiyo, kikitanuka na kujibana mpaka kilingane na mistari ya mahali hapo, na kasoro ikajulikana ilipo. Ila ukingoni nusu ya kiwimbi iko nje ya picha; hukosa pa kuegemea, kikasema uongo. Kwa hiyo wapimaji huukata ukingo, kisha wakautazama wenyewe kwa macho.

Safari moja mume wangu aliukata, asiutazame.

Lenzi ile ilipasuka mikononi mwa fundi mwenzake, tunayemwita Ngazi kwa urefu wake, alipokuwa akiifunga kwenye pete ya kuishikilia. Msimamizi akasema amekaza kupita kiasi. Ngazi akafukuzwa.

Zamani Ngazi alikuwa hakosi kwetu Jumapili, akiinama mlangoni. "Wewe macho, mimi mikono," alizoea kumtania mume wangu. "Tukiondoka sisi, karakana inabaki na tumbo la msimamizi."

Baadaye mume wangu aliifungua tena picha nzima. Pale ukingoni mistari ilikuwa imekatika. Ufa ulikuwepo tangu mwanzo, mwembamba kama unywele. Akaenda kwa msimamizi.

"Mzee, hayo yameisha," akajibiwa. "Unataka nifukuze wawili?"

Akarudi nyumbani, akanisimulia yote.

Nilimpitia Ngazi kumjulia hali. Nilimkuta amekaa, bisibisi zake amezifunga kwenye kitambaa. Alikuwa ameitwa kazini kwingine, akakataa.

"Shemeji, mikono yangu imeniangusha," aliniambia. "Kioo cha watu sigusi tena."

Nilimsimulia mume wangu maneno hayo, naye akageukia ukuta. Nimemwomba Mungu amfungue kinywa. Jana tulipomaliza sala aliendelea kupiga magoti, kisha akaniambia:

"Mke wangu, twende wote kwa Ngazi. Nikishindwa kusema, usinisemee. Kaa tu, unisubiri."