Vifungo vya Joho

Kudarizi nilifundishwa na mzee mmoja wa Kanyenye, hapa Tabora, aliyekuwa akishona kanzu na majoho ya maharusi. Nilikuwa msichana kutoka Lusu, mtoto wa wakulima, Wamoravian wasiokosa kanisa, na sikujua hata kutunga uzi kwenye sindano nyembamba. Mzee yule alinivumilia kwa mengi. Kitu kimoja tu hakukivumilia, nacho ni nguo kumfungukia mtu mbele za watu. Akiona kifungo kinacheza, alikikata mwenyewe kwa mkasi, akakirusha mezani, akanirudishia nguo. Amekwisha fariki, na duka lake nimelipanga mimi. Ukali wake nao nikaurithi.

Nalitaja hilo mapema ili nisionekane najitetea baadaye.

Siku moja alikuja dukani mwanamke kijana kutoka Dar es Salaam, akiwa na mkoba wa begani na tepu ya kupimia shingoni kama sisi. Alikuwa msimamizi wa mavazi wa mwanamuziki mmoja wa kike ambaye nchi nzima inamjua, na siku hizi hata nje. Mwanamuziki huyo alikuwa anaanza ziara ya maonyesho kwenye kumbi kubwa za ng'ambo, zile ambazo watu hukaa mpaka juu darini kama kwenye uwanja wa mpira. Ukoo wa baba yake ni wa hapa kwetu, Mtendeni, na alitaka joho lililodariziwa Tabora.

"Anataka ile njia ya misafara," dada yule aliniambia. "Ianzie Ujiji kwenye pindo, ipite Tabora mgongoni, ifike Bagamoyo kwenye kola. Utaweza?"

"Nitaweza."

Akanipa mfuko mdogo wa nailoni wenye vifungo viwili vya kubonyeza, vyepesi, vile vya blauzi za watoto. "Shingoni weka hivi. Viwili tu."

"Dada, joho hili litakuwa zito. Hivi havitashika."

"Weka hivyo hivyo, mama. Ndivyo wanavyotaka." Simu yake ikaita, akatoka nje kuongea, na habari ya vifungo ikaishia hapo.

Nilifanya kazi ile wiki tisa. Uzi wa rangi ya dhahabu uliniumiza vidole hadi nikawa nashika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nilipomaliza, nilimvalisha binti yangu, ambaye anasoma chuo hapa mjini, nikamwambia atembee kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani. Hatua ya nne joho likafunguka shingoni, likateremka sakafuni lote.

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwona yule mwanamuziki mbele ya maelfu ya watu wa nchi za watu, joho limemwanguka miguuni, na watu wakiuliza nani alishona kitu hiki. Siku ile ile nilikwenda kwa fundi mikoba, jirani yangu, nikachukua kwake vifungo viwili vya kubonyeza vya mikoba ya ngozi. Kwa nje vilifanana kabisa na vile vya mwanzo, rangi ile ile, ukubwa ule ule. Kuvifungua kulitaka mikono miwili na nguvu. Nikavishona kwa uzi wa kiatu na kuweka kitambaa kigumu ndani ya kola ili isichanike. Sikumwambia mtu. Joho likaenda Dar es Salaam, na kutoka huko likafuata ziara kwa ndege.

Wakati huo ziara ilikuwa imeshaanza. Tulikuwa tukiona vipande vyake vifupi kwenye simu ya binti yangu, akiwa anaimba tu amesimama. Kwenye maonyesho ya kwanza alivaa joho jingine, jeusi, lisilo na darizi. Langu lingevaliwa kwa mara ya kwanza Melbourne, Australia. Kwa tofauti ya saa, onyesho la usiku la kule lingeangukia saa saba mchana hapa kwetu.

Siku yenyewe nilifungua duka saa mbili na nusu. Kama saa tatu hivi binti yangu aliniletea simu, anatabasamu. "Mama, ameweka video ya mazoezi ya jana. Chini ameandika: leo usiku joho jipya."

Nilitazama. Mwanamuziki alikuwa amesimama katikati ya jukwaa na lile joho jeusi. Vijana wawili waliinama wakalibana pindo lake kwenye kulabu za sakafuni. Kisha akaanza kupaa. Alikuwa amefungwa nyaya nyembamba kiunoni, hazionekani vizuri, nazo zilimvuta juu kwa kasi. Joho lilikazika, likanyooka kama hema, halafu vifungo vya shingoni vikaachia, tap, likabaki chini yeye akiwa anaelea juu.

"Rudisha," nilisema.

Nikaona tena. Vifungo vile vilikuwa vimewekwa ili viachie. Ndiyo maana vilikuwa vyepesi. Na mimi nilikuwa nimeviondoa.

"Mama, una nini?"

Nilikuwa naifikiria ile kola. Isingechanika, nilihakikisha mwenyewe haichaniki. Pindo limebanwa chini, mashine inamvuta juu, na katikati pana shingo ya mtu.

Nilipomweleza, binti yangu alikaa kwenye kiti cha wateja bila kuambiwa. Tulikuwa na saa nne kasoro.

Tulimpigia dada wa mavazi. Namba haipatikani. Tukamwandikia ujumbe, ikatokea tiki moja ya kijivu, ikabaki hiyo hiyo. Binti yangu akaandika chini ya ile video: "Tafadhali vifungo vya joho haviachii, ni hatari." Maoni mengine yakaja juu yake kama mvua, mioyo na mioto, na mtu mmoja akamjibu kwamba atafute umaarufu kwa njia nyingine. Tukapata namba ya ofisi yao ya Dar es Salaam. Msichana aliyepokea alinisikiliza nusu.

"Mama, wewe ni shabiki?"

"Mimi ni fundi. Joho la leo nimelishona mimi."

"Sawa mama, tutafikisha." Akakata. Nilijua hatafikisha.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi yake. Mtendeni kila mtu anaijua nyumba ile: shangazi mtu ndiye aliyemlea yule mwanamuziki, na ni mwanamke anayeogopwa kidogo hata na wanaume. Nilifunga duka, tukapanda bodaboda, mimi na binti yangu. Njiani nilikuwa natafuta namna ya kusema ambayo isingenitaja mimi. Ningeweza kusema nimeota. Ningeweza kusema nimesikia. Lakini nani angesimamisha onyesho kwa ndoto ya fundi cherehani?

Tulimkuta barazani, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Nyinyi ni wa wapi?"

"Mimi ndiye fundi wa Kanyenye niliyeshona joho la binti yako."

Uso ukamfunguka. "Ndiyo wewe! Picha aliniletea. Kaeni, kaeni."

"Mama, sikuja kwa kheri."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Vifungo nilivyopewa, vile nilivyoweka, uzi wa kiatu, kola. Binti yangu akamwonyesha video. Mama yule aliitazama hadi mwisho, akaweka ungo chini polepole.

"Ulifanya makusudi?"

"Nilifanya makusudi. Lakini si kwa ubaya."

"Uliambiwa viwili vyepesi, ukaweka vigumu."

"Ndiyo."

"Na hukumwambia mtu."

"Sikumwambia."

Aliinuka kwenye mkeka. Kisha akaingia ndani, akatoka na simu ndogo ya kugusa iliyofungwa kwenye leso. Kumbe alikuwa na namba ambayo mwanamuziki huwapa watu wa nyumbani tu. Akapiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu pia ikaita hadi mwisho. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu.

"Siku za kazi simu yake anashika mtu mwingine," alisema. "Nikimwambia kwa Kiswahili, atakayesikia atadhani ni mambo ya nyumbani, ataacha mpaka baadaye. Lakini huyo mtu anajua jambo moja: nikituma sauti kwa Kinyamwezi, apelekewe hapo hapo. Mara ya mwisho nilituma hivyo baba yake alipofariki."

Akabonyeza, akaongea. Mimi Kinyamwezi nakijua, ndicho tulichoongea nyumbani Lusu. Alimwambia mwanawe kwamba yupo na fundi, kwamba vifungo vya shingoni haviachii, asipande na joho lile kabla havijakatwa. Kisha akasema kwamba fundi amekuja mwenyewe kusema. Akatuma.

Tiki moja. Tiki mbili. Tukangoja. Baada ya muda tiki zile zikageuka buluu.

"Amesikia," binti yangu alisema.

"Mtu amesikia," shangazi alisema. "Nani, hatujui."

Hakuna jibu lililokuja. Adhana ya adhuhuri ilipita. Mama yule akaingia kuswali, akarudi na tasbihi mkononi. Saa saba binti yangu akapata mtu mmoja aliyekuwa ndani ya ukumbi akirusha onyesho mubashara kwa simu yake. Picha ilikuwa inacheza, watu wanapiga kelele, taa zinapita. Nyimbo mbili za kwanza aliziimba bila joho. Kabla ya wimbo wa tatu jukwaa likawa giza, na taa ilipowaka alikuwa amesimama katikati, ndani ya kazi yangu.

Sijawahi kuona kitu changu kikiwa kizuri kiasi kile. Dhahabu ilikuwa inawaka tangu pindo hadi shingoni. Na sijawahi kuchukia kitu changu kiasi kile.

"Mbona amelivaa?" niliuliza. "Mbona amelivaa?"

Vijana wawili wakainama, wakabana pindo. Mwanamuziki akainua mkono, akagusa kola, kama mtu anayehakikisha kitu. Miguu yake ikaachana na sakafu. Hapo picha ikaganda.

Kiduara kikawa kinazunguka. Binti yangu akasimama, akainua simu juu, akaenda mpaka uani, akarudi. Mama yule alikuwa anasoma kwa midomo bila sauti. Mimi nilikuwa nimejishika shingo yangu mwenyewe, nikagundua baadaye, nilipoona alama za kucha.

Picha ikarudi ghafla. Joho lilikuwa sakafuni. Yeye alikuwa juu, mikono ameitandaza, anaimba.

Nikakaa chini, kwenye mchanga mtupu, pembeni ya mkeka. Binti yangu alikuwa analia na kucheka. Shangazi aliifunga simu yake kwenye leso tena, akavuta ungo, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye kidogo, bila kuniangalia, akasema, "Mtakula hapa."

Dada wa mavazi alinipigia kesho yake. Aliniambia sauti ile ilimfikia mwanamuziki akiwa anapakwa vipodozi, na alisimama kiti kikaanguka. Walikuwa na dakika arobaini. Joho lisingeweza kuachwa, kwa kuwa wimbo mzima umepangwa juu yake, hivyo yeye dada akachukua wembe, akang'oa vifungo vyangu pamoja na sehemu ya darizi ya kola, akashikiza pale kwa uzi mwembamba, mishono miwili tu.

"Mama, kwa nini hukuniuliza?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia," alisema. "Wakati ule ilikuwa bado siri ya onyesho. Lakini kwa fundi ningesema."

"Na mimi ningekuuliza. Niliona najua."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniomba nishone kola nyingine, maana ile imeharibika, na ziara bado ina miji sita.

Nikaishona kwa siku nane, Bagamoyo yote upya. Vifungo vikawa viwili, vyepesi, vile vya blauzi za watoto. Kabla ya kuituma niliibana kwenye shuka nzito, nikamvalisha binti yangu, nikampandisha juu ya meza ya kukatia. Mimi nikapiga magoti, nikaishika shuka kwa chini kwa mikono miwili.

"Ruka," nilimwambia.

Akaruka upande wa pili. Vifungo vikaachia hapo hapo, shuka ikabaki mikononi mwangu. Nilimwambia apande tena, na tena, mara kumi na mbili, na kila mara viliachia. Mkono wangu ulikuwa unawashwa kutaka kuongeza mshono mmoja tu. Nikaikunja kola, nikaifunga kwenye karatasi, nikaipeleka.