Pembe za Nyati Aliyemvunja Mume Wangu Zinamsifu Mtu Mwingine

Mhariri, chapa maneno haya lakini jina langu lifiche, maana tunakula kwa watu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili, nilisoma mpaka darasa la nne, na mimi ni ayah, yaani yaya, wa watoto wa tajiri mmoja wa Kihindi huku Parklands. Tunakaa chumba cha nyuma, mimi, mume wangu na binti yetu anayeanza kutembea.

Mume wangu alikuwa mbeba bunduki wa mzungu anayepeleka wageni kuwinda. Desturi yao wote wanaijua: mgeni akimjeruhi nyati, bwana kiongozi ndiye anayemfuata, mbele ya watu wake. Bwana wa mume wangu hakufanya hivyo. Mgeni alipiga vibaya, nyati akaingia majanini, bwana akabaki garini akamwambia mume wangu, "Nenda umtazame." Nyati alikuwa anamngoja. Mume wangu alimmaliza kwa risasi, lakini mguu ulikuwa umekwisha kupondwa. Akaletewa blanketi na pole, kazi ikaishia hapo.

Sasa ndugu yake tajiri wetu amekuja kutoka Uganda, anataka kuwinda. Amezunguka mjini ofisi kwa ofisi akiwapima viongozi wa uwindaji. Jumapili nilikuwa nikimlisha mtoto uji, nikamsikia akisema mezani, "Huyu ndiyo fundi. Ofisini kwake iko pembe ya nyati ukutani, ncha moja imevunjika. Alifuata yeye mwenyewe ndani ya majani, peke yake."

Nikajua anamsema bwana yule yule wa mume wangu. Ncha ile ilivunjikia kwenye jiwe, kando ya mguu wa mume wangu.

Mgeni akanigeukia. "Ayah, mume yako alibeba bunduki. Bwana huyu mzuri?"

Memsahibu, mke wa tajiri, akacheka. "Unauliza ayah habari ya nyati?"

"Nauliza kila mtu. Mimi nanunua pamba, hata pamba natia mkono ndani ya gunia."

Nikasema, "Nitamwuliza mume wangu mwenyewe, bwana."

Nilipomweleza mume wangu, aliangalia chini. "Mama mtoto, nyamaza. Bwana wangu wa zamani ameniita. Nikimsifu kwa mgeni huyu, atanirudisha kambini nichemshe chai. Nani mwingine ataupa kazi mguu huu?"

"Na bunduki atabeba nani?"

Akausugua mguu wake. Halafu akasema, "Ndugu yako."

Ndugu yangu, tumbo moja, ameoa juzi tu, na ni mume wangu aliyempeleka kazini kwa bwana huyo. Nilimwambia, "Baba mtoto, umemwuza shemeji yako kwa birika la chai." Akasema, "Wewe sema. Sema, halafu umlishe mtoto huo ukweli." Tangu siku hiyo hatuongei, na hasira yangu haishuki. Namkasirikia yeye, na zaidi namkasirikia yule aliyetundika maumivu ya mtu ukutani akayaita ushujaa wake.

Ndugu yangu nimemkanya, ananicheka: "Dada, wewe unaogopa hata jogoo."

Mgeni ameshuka Mombasa kwa biashara, akirudi atalipa na safari itaanza mvua zikiisha. Nina tumaini kidogo, kwa kuwa anauliza, na mtu anayeuliza bado anaweza kusikia. Lakini nikifungua mdomo, mume wangu hatapata kazi tena kwa mwindaji yeyote wa mji huu, na pengine ndoa yangu imekwisha. Nikinyamaza, namtuma ndugu yangu majanini kwa mkono wangu.

Nyinyi mliooa na mlioolewa, niambieni: mgeni akiniuliza tena, nimjibu nini?